Ufundi wa Kumwandika Ndege

Mnana wa Clarke, ambaye wengine humwita mnana wa Kilifi, alipewa jina lake la kisayansi, Ploceus golandi, mwaka 1913. Ni ndege wa Kenya peke yake. Anaishi kaunti ya Kilifi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na mapori ya Dakatcha ng'ambo ya mto Sabaki. Wataalamu walimjua kwa sura na kwa sauti, ila hawakujua anataga wapi. Makundi yalionekana yakipita juu ya miti ya mrihi, kisha msimu wa kuzaa ukifika yakatoweka. Jibu lilipatikana mwaka 2013, miaka mia moja baada ya jina, pale wanakikundi cha uhifadhi cha Dakatcha na wenzao wa shirika la A Rocha Kenya walipokuta viota vyake kwenye kinamasi cha msimu, vimesukwa katika majani ya jamii ya ndago.

Ugunduzi wenyewe umesimuliwa mara nyingi. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata, yaani kazi ya kuyageuza yaliyoonwa kinamasini yawe taarifa ambayo mtu wa Arusha, Kampala au Copenhagen anaweza kuisoma, kuitilia shaka na kuikagua. Taarifa ile ilitoka katika Scopus, jarida la wataalamu wa ndege wa Afrika Mashariki. Jarida hilo lilianza mwaka 1977, likilelewa na kamati ya ndege ya chama cha wapenda maumbile kilichoundwa Nairobi mwaka 1909, na jina lake ni la kisayansi la fundichuma, yule ndege wa kahawia anayejenga kiota kikubwa kupita kiasi. (Watafiti vijana hulichanganya na hazina ya kimataifa ya makala yenye jina hilohilo. Letu lilitangulia kwa zaidi ya miaka ishirini.)

Anayeandika taarifa fupi ya namna hii hana nafasi ya kujisifu. Hutaja tarehe na saa, mahali hadi nukta za ramani, na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Husema alisimama umbali gani na jua lilikuwa upande gani. Kisha huja sehemu ngumu, ya kumweleza ndege kama alivyoonekana. Maelezo yaliyochotwa kitabuni hujitambulisha yenyewe kwa sababu yamekamilika mno. Mtu aliyemwona ndege kwa sekunde chache kichakani hawezi kuwa ameona kila unyoya. Akiandika kwamba miguu hakuiona, mhariri huanza kumwamini. Baada ya hapo anapaswa kuwataja ndege wote wanaoweza kufanana na huyo wake na kuwaondoa mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu yake. Akidai kumwona ndege adimu, madai yake hupelekwa kwa kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki, na huko urafiki haumsaidii mtu. Nimesoma taarifa fupi nyingi za aina hii, na zile nzuri zina utulivu ambao waandishi wengi wa magazeti, nami nikiwamo, tungefaa kuusomea.

Ufundi huu una upande mwingine, wa wingi. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, kuna hoteli iliyojengwa mlimani ikiwa na taa za kuwamulika wanyama usiku. Mwezi Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi ukungu ukitanda, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hupotezwa na mwanga huo, wakashuka kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 wavishaji pete wamekuwa wakikutana hapo kuwanasa kwa nyavu nyembamba, kuwavisha pete yenye namba na kuwaachia. Kila ndege hupimwa bawa kwa milimita, hupimwa uzito, hukaguliwa mafuta chini ya ngozi na kukadiriwa umri, yote yakiandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari. Hadi sasa ndege waliovishwa pete wamefikia mamia ya maelfu. Ndege wa mwisho wa usiku hupimwa kwa uangalifu uleule wa ndege wa kwanza, hata kama mikono imechoka.

David Pearson na Graeme Backhurst walichapisha makala juu ya uhamaji huo katika jarida la Ibis la Uingereza mwaka 1976. Backhurst huyohuyo baadaye alikuwa mhariri wa Scopus kwa miaka mingi. Mistari ile ya daftari ilipounganishwa ilionyesha mambo ambayo ndege mmoja asingeweza kuyasema. Chukua Acrocephalus palustris, ndege mdogo wa kahawia anayeondoka Ulaya mwezi Agosti. Kenya hupita Novemba na Desemba, na ile miezi ya katikati huikalia kaskazini-mashariki mwa Afrika, Sudan na Ethiopia, kabla ya kushika tena njia ya kusini. Kwa hiyo mvua ya Ethiopia ni habari yake sawa na baridi ya Ulaya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ndege wawindaji. Miaka ya 1970 Mfaransa Jean-Marc Thiollay aliendesha gari katika barabara za Kenya akihesabu tai, tumbusi, vipanga na mwewe, huku akiandika njia aliyopita na umbali wake. Zamani zile ilikuwa kazi ya kawaida tu. Ndege walikuwa wengi. Mwaka 2022 Darcy Ogada na wenzake walichapisha katika jarida la Biological Conservation ulinganisho wa hesabu za 1970 hadi 1977 na hesabu za barabarani za 2003 hadi 2020. Kati ya spishi 22 walizozilinganisha, 19 zilikuwa zimepungua. Ushahidi huo uliwezekana kwa sababu mtu aliandika kilomita zake vizuri, akazitunza, na wakati ulipofika akakubali kuwapa wengine. Hilo la mwisho ni adimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa data nyingi hufa na mwenyewe ndani ya kabati.

Tangu 2013 kuna pia Ramani ya Ndege wa Kenya, ambapo nchi imegawanywa katika miraba ya karibu kilomita tisa kila upande. Mwenye simu na macho huingia mrabani, huhesabu kwa saa mbili au zaidi, na kuandika kila spishi, kunguru na shomoro wakiwamo. Wengi huona aibu kuwaandika kunguru, wakati orodha isiyo nao humdanganya msomaji wa kesho.

Kuna na ustadi wa kunyamaza. Mwandishi mwenye busara akigundua kiota cha tai au cha bundi adimu hutaja wilaya tu na kuzizuia nukta za ramani, kwa maana wezi wa makinda nao husoma.

Nina neno moja la kulaumu. Scopus husomwa bure mtandaoni, jambo la kushukuriwa wakati makala nyingi juu ya ndege wetu zimefungiwa nyuma ya malipo ya ng'ambo. Lakini huandikwa kwa Kiingereza, na mzee wa Dakatcha anayejua kinamasi kinajaa mwezi gani hawezi kusahihisha kosa asilolisoma. Muhtasari wa Kiswahili wa nusu ukurasa, kwa kila makala, ungemwezesha.

Na wewe msomaji, kama una daftari la ndege la miaka iliyopita, lako au la mzazi wako, lenye tarehe na mahali, piga picha kila ukurasa na uzipeleke kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Usichague kurasa zenye ndege adimu tu; peleka zote.