Askari na Mchukuzi Wake: Maoni juu ya Sanamu ya Dar es Salaam

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni kazi ya mkono hodari. Fundi wake, James Alexander Stevenson, amemfanya askari wa shaba nyeusi, bunduki mikononi, singe mbele, kana kwamba yu karibu kumrukia adui. Walakini yafaa tuulize: askari huyu alikula nini, na hema lake lilichukuliwa na nani?

Mafundi wa kale hawakulikwepa swali hili. Mjini Roma mna nguzo ya Kaisari Trajano, iliyowekwa wakfu mwaka 113. Humo askari wameonyeshwa wakivuka mto Danube juu ya daraja la mashua, kila mmoja na mti begani, na katika mti vyombo vyake vya safari. Yosefo naye, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba askari wa Kirumi alichukua msumeno, kikapu, sururu, shoka na chakula cha siku tatu. Hata kabla yake askari wa Marius walikuwa wamekwisha kupewa jina la utani, nyumbu. Nyumbu wa kweli aliachiwa hema la ngozi, la watu wanane. Basi aliyepiga vita ndiye aliyechukua sehemu kubwa ya mzigo, na mchongaji hakuona haya kuuonyesha.

Kwetu kazi hizo mbili ziligawanywa, na wenyeji wa Tunduma na Mbozi wakaaa penye njia yake. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka huu, yakatwaa Tukuyu, iliyoitwa na Wadachi Neu Langenburg. Reli ilikuwa nyuma yao mamia ya maili, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mbung'o waliwaua ng'ombe. Kwa hiyo risasi, hema na unga vilikuja kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu. Watu hao waliitwa tengatenga. Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba jina hili ni la kutenga, yaani kuweka mbali. Katika Kinyanja kutenga ni kuchukua.

Natufanye hesabu. Mtu amechukua ratili 50 za unga, naye ala ratili 2 kila siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, amekula ratili 48. Askari amebakiwa na ratili 2 tu. Ndipo yaeleweka kwa nini wachukuzi walitakiwa kwa mamia ya maelfu, na wengi wakatwaliwa kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake waliohesabiwa kufa wapita 40,000, na waliouawa na kuhara, homa na kichomi ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Na von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, askari wake hawakufika 1,200, bali wachukuzi walipita 1,500.

Sasa tuirudie sanamu. Maandishi yake yawataja wachukuzi kwa heshima, yakiwafananisha na viungo vya jeshi. Lakini maandishi yasema neno moja na shaba yasema jingine, maana aliyeinuliwa juu ni askari peke yake, na mpita njia hutazama juu kabla ya kusoma. Wala haifai kujibu kwamba mzigo haupendezi katika shaba. Huko Nairobi fundi yule yule alimsimamisha mchukuzi pamoja na askari, bega kwa bega, na kazi haikuharibika.

Lugha imekuwa na haki kuliko shaba. Kariakoo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, lililogeuzwa na vinywa vya watu, na kila anunuaye mchele huko hulitaja. Mwalimu afundishaye habari za vita vile na aziweke sanamu hizo mbili mbele ya watoto, awaulize ni ipi isemayo kweli zaidi. Wajukuu wa tengatenga wako pande zote mbili za mpaka wa Tunduma. Si haki wajifunze kwamba vita vilipiganwa kwa singe tu.