Kufundisha utunzi kwa mbali: uhakiki wa darasa la uandishi la mtandaoni

0. Utangulizi

Siku hizi mtu anayetaka kujifunza utunzi wa hadithi au mashairi halazimiki tena kusafiri. Akiwa na simu, na mega za kutosha kama wasemavyo vijana wetu, anaweza kumpata mwalimu aliye mbali naye kilomita elfu kadhaa. Wanafunzi wetu wa Lubumbashi wanatuuliza kama madarasa hayo yanafaa, na swali lao ni la haki. Katika kurasa hizi tunajaribu kulijibu kwa kupima jambo moja tu: je, darasa la namna hii linaifanyia nini lugha ya mwanafunzi? Tunakiri tangu mwanzo kwamba manufaa yake ni ya kweli. Hata hivyo tumeona ndani yake kasoro moja ambayo, isiporekebishwa, itatunyima waandishi tunaowangojea.

1. Jambo lenyewe si geni

Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936. Utaratibu wake umeigwa mahali pengi: wanafunzi wachache huketi pamoja, mmoja wao huleta andiko lake, wenzake hulisoma na kulijadili, naye mwenyewe aghalabu hutakiwa kunyamaza na kusikiliza. Kuanzia mwaka 2001, British Council na Chuo Kikuu cha Lancaster waliendesha mradi ulioitwa Crossing Borders, ambamo waandishi chipukizi wa Afrika walipeleka maandiko yao kwa barua-pepe kwa waandishi wazoefu waishio Uingereza, wakarudishiwa maoni. Lugha ya kazi ilikuwa Kiingereza. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Iowa nacho kilianza kutoa masomo ya bure ya uandishi kwenye intaneti.

Hata katika Kiswahili, kujifunza kwa mbali kulitangulia intaneti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa wa kutungiana na kujibizana, hata mtu wa bara akaweza kujibiwa na mtu wa pwani asiyemjua kwa sura. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho mtu aliweza kujifunzia vina na mizani akiwa peke yake chumbani. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na mabishano yaliyofuata yaliendelea kwa miaka mingi. Historia hiyo inatufundisha kwamba kanuni humsaidia mwanafunzi kuanza, lakini haifai kuwa hakimu wa mwisho wa kazi yake.

2. Tuliyoyaona wenyewe

Ili tusihukumu kwa kusikia tu, tulijiandikisha katika darasa moja la wiki sita lililotangaza kufundisha hadithi fupi kwa Kiswahili. Hatutalitaja jina, kwani nia yetu si kumchongea mtu. Tulikuwa wanafunzi tisa, kila mmoja katika mji wake. Umeme ulipokatika kwetu tulikosa mafunzo mawili mazima ya video. Lakini maelezo yaliyoandikwa yalitungoja mpaka umeme uliporudi. Nusu ya wenzetu walikuwa na tabu hiyohiyo.

Faida ya kwanza tuliyoipata ni tarehe. Mtu aliyezoea kusema kwamba ataandika likizo ikifika alilazimika kupeleka kurasa tatu kila Ijumaa. Faida ya pili ni msomaji asiye ndugu wala rafiki. Mkufunzi alituambia bila kuficha kwamba hadithi yetu ilianza kwenye ukurasa wa tatu, na kwamba kurasa mbili za kwanza zilikuwa mhadhara. Tulikasirika siku mbili. Siku ya tatu tulizikata. Alisema kweli, na hapa chuoni hakuna aliyekuwa ametuambia.

Kasoro ilijitokeza baadaye. Hadithi yetu ilimhusu mtoto wa Katuba anayerudi nyumbani jioni na njaa. Anaingia, anaona sufuria haipo motoni, anauliza: «Mama, bukari iko fasi gani?» Andiko liliporudi, sentensi hiyo ilikuwa imefutwa, na mahali pake pameandikwa: «Mama, ugali uko wapi?» Tulimwandikia mkufunzi kueleza kwamba katika mji wetu hakuna mtoto anayemwomba mama yake ugali. Alitujibu kwa upole kwamba wasomaji wengi hawatalielewa neno hilo, na kwamba anayetaka kusomwa na Waswahili wote sharti aandike Kiswahili cha wote.

3. Kosa na lahaja

Hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Kiswahili sanifu ndicho kinachomwezesha mtu wa Lubumbashi kusomwa Mombasa, na makala haya yenyewe yameandikwa kwacho. Isitoshe, mkufunzi huyohuyo alitusahihisha vema mahali pengine. Tulikuwa tumeandika katika masimulizi kwamba mama «alikuwa katika kuandaa chakula». Hicho si Kiswahili cha Katuba wala cha Zanzibar. Ni Kifaransa kilichovaa kanzu. «Alikuwa akiandaa chakula» ndivyo ilivyopasa, na tulishukuru.

Lakini masahihisho hayo mawili hayafanani. Katika la pili anayesema ni msimulizi, naye alijikwaa. Katika la kwanza anayesema ni mtoto, naye hakukosea: alisema kama wasemavyo watoto wa mtaa wake. «Bukari» na «fasi» ni maneno ya lahaja yenye wasemaji na historia. Ukimpa mtoto huyo neno «ugali» unamfanya mgeni nyumbani kwa mama yake, na msomaji wa Lubumbashi ataacha kumsadiki papo hapo. Ama msomaji wa mbali, hana haja ya kufasiriwa: sufuria haipo motoni, mtoto ana njaa, anataja kitu cha kuliwa. Muktadha umekwisha kumweleza.

Mwishoni mwa darasa hadithi zote tisa zilikusanywa pamoja, na yetu ilitoka na «ugali». Ni lazima tuseme sababu. Tulikuwa na haki ya kukataa, ila tuliogopa kuonekana kwamba hatujui Kiswahili. Basi ikiwa mwalimu msaidizi mwenye lisansi ya isimu aliogopa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atafanyaje?

4. Kama André Yav angejiandikisha

Mwaka 1965, katika mji wetu, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, bila tahajia iliyotulia. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa msaada wa Kalundi Mango. Ili maana ifunguke, ilibidi maandishi hayo yasomwe kwa sauti na mtu aijuaye lugha yenyewe. Jicho peke yake halikutosha. Leo wataalamu wa nchi nyingi wanaisoma. Tunajiuliza ni mistari mingapi ingebaki kama Yav angepitia darasa la wiki sita.

Hatusemi kwamba Yav hakuhitaji msomaji. Tunasema kwamba alihitaji msomaji anayeuliza kabla ya kufuta.

5. Hitimisho na mapendekezo

Kwa maoni yetu wanafunzi wetu wajiandikishe katika madarasa hayo wapatapo nafasi, kwa ajili ya tarehe na kwa ajili ya msomaji mgeni. Ila idara yetu inaweza kuanzisha darasa lake lenyewe, kwa gharama ndogo, kwa kufuata mambo matatu. Kwanza, mafunzo yatolewe kwa maandishi mepesi, si kwa video inayomaliza mega. Pili, kila mtunzi asome andiko lake kwa sauti na kulituma kwa simu pamoja na maandishi, kwani sikio litatambua lahaja pale jicho linapoona kosa. Tatu, msahihishaji atenganishe maneno ya msimulizi na ya wahusika. Katika ya kwanza asahihishe, katika ya pili aulize.

Sisi wenyewe tumekwisha kuirudisha «bukari» katika nakala yetu. Wenzetu wenye maoni tofauti wanakaribishwa kutujibu katika kurasa hizihizi.