Ufundi wa Leonardo da Vinci katika Barua ya Kuomba Kazi

Miongoni mwa karatasi za Leonardo da Vinci zilizokusanywa katika jalada liitwalo Codex Atlanticus, lililohifadhiwa katika Maktaba ya Ambrosiana mjini Milan, imo barua isiyo na tarehe, ambayo aghalabu hukadiriwa kuwa ya mwaka 1482 au karibu yake, ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa mji huo. Mwombaji alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, na Milan haukuwa mji wake. Kwa kuwa vijana wetu wanaotafuta ajira ni wengi, na barua zao hufanana mno hata msomaji hachelewi kuziweka kando, nimeona ni wajibu kuichambua barua hii kwa makini, ili ufundi uliotumika ndani yake uwe bayana.

Katika dibaji Leonardo hasemi kwamba yeye ni hodari. Asema kwamba amekwisha kuzitazama kazi za wale wajihesabuo kuwa mabingwa wa zana za vita, akaona hazipitani na zile zilizozoeleka, na kwamba, bila ya kukusudia kumvunjia mtu heshima, angependa kumfunulia mtawala siri za maarifa yake. Kwa maneno hayo machache amejitenga na wapinzani wake wote pasipo kumtaja hata mmoja kwa ubaya, nayo ni adabu ambayo waombaji wengi huikosa.

Kisha zafuata hoja kumi, na hapa ndipo penye kiini cha ufundi wake. Mtu huyu alikuwa mchoraji. Tangu mwaka 1472 jina lake lilikuwa katika orodha ya chama cha wachoraji wa Florence, na mwaka 1481 watawa walikuwa wamemkabidhi picha kubwa ambayo hakuimaliza. Lakini katika hoja zote kumi uchoraji haumo; umetajwa baada yake, kwa maneno machache tu. Sababu yake yaeleweka kwa anayezijua hali za mwajiri: Ludovico alikuwa ameshika hatamu tangu 1480 kwa jina la mtoto wa nduguye, na mwaka 1482 vilizuka vita baina ya Venice na Ferrara, ambamo Milan ilijiunga upande wa Ferrara. Mtawala wa namna hiyo hulala akiwaza ngome na mizinga, wala si picha.

Tazama pia jinsi hoja zenyewe zilivyojengwa. Aahidi madaraja mepesi, imara, yanayobebeka kwa urahisi. Kisha aendelea kwa masharti: mji ukizingirwa, ajua namna ya kuyaondoa maji katika mahandaki. Ngome ikiwa haipigiki kwa mizinga kwa sababu ya kimo chake, ajua njia nyingine ya kuibomoa. Vita vikiwa baharini, anazo zana za kushambulia na za kujihami. Hoja nyingi zaanza na shida ya mwajiri, na ustadi wa mwombaji huja baadaye kama dawa yake. Barua zetu huenda kinyume: mimi ni mchapakazi, mimi ni mwaminifu, naweza kufanya kazi pasipo kusimamiwa, na mwajiri hafahamu hata kidogo ni lipi katika matatizo yake litakalopungua.

Hoja ya kumi yahusu wakati wa amani: majengo, na kuyapeleka maji kutoka mahali hadi mahali. Baada ya hapo aitaja sanamu ya farasi wa shaba nyeusi, kwa kumbukumbu ya Francesco Sforza, baba yake Ludovico, na kwa fahari ya ukoo wao. Nia ya kusimamisha sanamu hiyo ilikuwapo katika nyumba ya Sforza tangu miaka ya 1470. Leonardo hakuizua, bali aliigusa haja iliyokwisha kuwapo. Nayo ndiyo kazi aliyokuja kupewa, hata mfano wake wa udongo ukaonyeshwa mwaka 1493.

Ipo kasoro ambayo sitaificha. Zana nyingi alizozitaja hazijulikani kuwa alikuwa amekwisha kuziunda, na mtu wa kawaida akiiga ujasiri huo huenda akafedheheka siku ya usaili. Lakini Leonardo mwenyewe aliweka kinga: amalizia kwa kusema kwamba, iwapo lolote kati ya hayo litaonekana haliwezekani, yu tayari kulijaribu katika bustani ya mtawala au popote apendapo. Kifungu hicho, kwa rai yangu, chazidi thamani vingine vyote, maana kinamwondolea mwajiri hofu ya kudanganywa.

Fauka ya hayo, wataalamu wengi waona kwamba nakala iliyobaki haikuandikwa kwa mkono wake; basi asione haya kijana anayempa mwenziwe barua yake aisahihishe. Na mhasibu anayeomba kazi katika chama cha akiba na mikopo, ambacho marejesho ya wanachama wake yamechelewa, na aanze na marejesho hayo, aeleze jinsi atakavyoyafuatilia, aambatishe mfano wa daftari alilolipanga mwenyewe, kisha aombe apewe hesabu za mwezi mmoja azikague mbele yao.