Magoti ya shangazi na mizani ya Houston: tunachokikosa kwenye "My 600-lb Life"

Leo tuache maabara kidogo, tukae sebuleni tutazame tivii.

Shangazi yangu ana miaka 52, kisukari cha miaka sita, na magoti yanayomfanya ahesabu ngazi moja moja akipanda ghorofani kwa mwanawe. Kwa miezi kadhaa sasa anatazama vipande vya "My 600-lb Life" kwenye simu, kimoja baada ya kingine, mpaka bando linakata. Mwezi uliopita akanipigia: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya mwili huko chuoni? Na mimi nataka kukatwa tumbo kama wale. Hebu niambie, nitapona?"

Nikamwomba wiki moja. Nikatazama vipindi kumi na viwili mfululizo, daftari pembeni. Maoni yangu, kama mtazamaji na kama mwanafunzi wa fiziolojia, ni haya: kipindi kinanata, machozi yanakutoka, ila kwa mtu anayefikiria kufanyiwa upasuaji huu ni mwalimu mbaya. Ngoja nieleze kwa nini.

Kwa ambaye hajakiona, kipindi kilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2012 kwenye chaneli ya TLC. Kinamfuata mtu mwenye uzito wa ratili 600 hivi, sawa na kilo 272, anayesafiri mpaka Houston, Texas, kumwona Dkt. Younan Nowzaradan. Mkondo wa hadithi ni uleule karibu kila mara. Mgonjwa anaoga kwa shida, anasimulia utoto wake, anapanda mizani, anapewa mlo wa kalori 1,200 kwa siku, anaambiwa apunguze kiasi fulani ndipo akatwe. Akipunguza, anasifiwa. Asipopunguza, anasemwa mpaka unamwonea huruma. Mwishoni namba za mizani zinawekwa kwenye skrini, muziki unapanda, imeisha.

Nianze na sifa, maana haki yake tumpe. Kipindi hakimchukulii mtu mnene kama mvivu aliyeanguka kutoka mbinguni. Wengi wao wanasimulia ukatili wa utotoni, msiba, upweke, na daktari mwenyewe huwapeleka kwa mtaalamu wa saikolojia. Pia kinaonyesha kitu ambacho matangazo ya mitandaoni hayaonyeshi kamwe: ngozi inayoning'inia baada ya kilo kuondoka, na kwamba kuiondoa ni upasuaji mwingine. Na kuna vipindi vya ziada vinavyorudi kuuliza wahusika wanaendeleaje. Hayo nimeyaona na nayaheshimu.

Tatizo la kwanza ni yule mtu wanayetuonyesha. Ukitazama vipindi kumi, unaamini upasuaji huu ni wa mtu aliyeshindwa hata kutoka kitandani. Kumbe sivyo. Mwongozo wa mwaka 1991 wa Marekani uliwalenga watu wenye uwiano wa uzito na urefu, ule tunaouita BMI, wa 40 na kuendelea, au 35 kama wana ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani na shirikisho lao la kimataifa wakaulegeza: 35 na kuendelea hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye 30 hadi 35 afikiriwe kama ana kisukari aina ya pili au shida nyingine ya umetaboli. Piga hesabu. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 anafika 35 akiwa na kilo 90 tu. Kilo 90! Mama huyo ukimkuta sokoni Tandika hutageuka kumtazama mara mbili. Shangazi alikuwa akijilinganisha na watu wa kilo 272 na kujiona "bado mzima mzima", huku kisukari kikimla taratibu.

Tatizo la pili ni ule mtihani wa kupunguza kilo kabla ya kisu. Kwenye kipindi unaonekana kama mtihani wa tabia: ukifaulu unastahili kutibiwa, ukifeli wewe ni mwongo. Sababu ya kitabibu ipo, lakini ni ya kawaida kabisa. Ini la mtu mwenye mafuta mengi mwilini huvimba na kulifunika tumbo la chakula; mlo wa kalori chache kwa wiki mbili hadi nne hulipunguza, na daktari anapata nafasi ya kupitisha vifaa vyake kwa usalama. Kwa mtu wa kilo 272, kupungua kidogo kunaweza pia kupunguza hatari ya nusukaputi. Hapo daktari yuko sahihi. Lakini kumfungia mgonjwa mlango mpaka afikishe namba fulani ni jambo jingine. Chama hichohicho cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2016 kwamba masharti ya namna hiyo yanayowekwa na kampuni za bima hayana ushahidi wa kuyatetea. Mtazamaji haambiwi hayo. Anachobaki nacho ni aibu, na aibu ndiyo inayowafanya watu wengi wachelewe kumwona daktari.

Tatizo la tatu linaniuma zaidi kitaaluma. Kipindi kinaeleza upasuaji kama kupunguza ukubwa wa mfuko: mfuko mdogo, chakula kidogo, basi. Ni kweli kwamba katika aina moja, daktari huondoa kama robo tatu ya tumbo la chakula na kubakiza kitu chembamba kama mkono wa shati, na kilichoondolewa hakirudi. Katika aina ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Lakini mwili unajibu kwa homoni. Ghrelini, homoni inayochochea njaa, hushuka hasa baada ya ile aina ya kwanza. GLP-1, inayoleta shibe na kusaidia insulini, hupanda baada ya kula. Ndiyo maana sukari ya wagonjwa wengi huanza kushuka ndani ya siku au wiki chache, kabla kilo nyingi hazijaondoka, na mtu anayechoma insulini lazima dozi zake ziangaliwe upya mapema asije akazimia.

Hili lina maana kubwa. Ukipunguza kilo kwa kujinyima peke yake, mwili hukupiga vita: njaa inapanda, matumizi ya nishati yanashuka. Upasuaji unabadilisha sehemu ya vita hiyo. Mtu aliyeshindwa kwa mlo mara tano hakukosa msimamo, alikuwa anapigana na homoni zake. Kipindi chenye saa nzima mkononi kingeweza kulisema hilo kwa dakika moja.

Sasa twende kwenye namba, maana shangazi aliuliza "nitapona?"

Nchini Uswidi, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliopitiliza. Kama nusu yao walifanyiwa upasuaji, nusu walipata matibabu ya kawaida. Waliopitishiwa chakula njia ya mkato walifika kilele cha kupungua kama asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka kumi, walibaki chini kwa asilimia 25. Maana yake: sehemu ya kilo hurudi, na hilo ni la kawaida, wala si dhambi. Kundi lisilokatwa lilibaki palepale, likipanda au kushuka kwa asilimia 2 hivi. Ripoti ya mwaka 2020 ya utafiti huohuo ilionyesha waliofanyiwa upasuaji waliishi miaka 3 zaidi kuliko wenzao wasiofanyiwa, ingawa bado miaka 5.5 pungufu ya watu wa kawaida nchini humo.

Na kisukari? Utafiti mmoja wa Marekani uliwafuata wagonjwa 150 kwa miaka mitano. Waliofikia kiwango kizuri cha sukari walichokilenga watafiti walikuwa asilimia 29 kwa njia ya mkato, 23 kwa tumbo la mkono wa shati, na 5 tu kwa dawa peke yake. Tafadhali isome mara mbili. Upasuaji umeshinda kwa mbali, na bado wagonjwa wengi hawakufikia kiwango hicho. Anayekuambia "kisukari kwisha habari yake" anakuuzia kitu.

Kuhusu kufa mezani, hofu ya kila familia: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 4,776, ulikuta vifo vya siku 30 za kwanza ni asilimia 0.3, yaani watatu katika elfu moja, na asilimia 4.3 walipata tatizo kubwa. Matatizo yanayohofiwa ni mshono kuvuja, kutoka damu, na damu kuganda miguuni kisha kwenda mapafuni. Hizo ni namba za hospitali zenye uzoefu mkubwa. Ndiyo maana swali "umefanya upasuaji huu mara ngapi?" si utovu wa adabu.

Lakini kosa kubwa kuliko yote la kipindi ni mahali kinapoishia. Kinaishia pale ambapo kazi inaanza. Mizani inaonyesha namba, muziki unapanda, na hakuna anayemwambia shangazi kwamba atameza vitamini na madini maisha yake yote: B12, chuma, kalisi, vitamini D. Kwamba atapimwa damu kila mwaka. Kwamba akitapika siku nyingi mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1, na ubongo ukaumia, kwa hiyo kutapika kusichukuliwe kama "mwili unazoea". Kwamba vijiwe vya nyongo hujitokeza mtu anapopungua haraka. Kwamba kiungulia huweza kuzidi baada ya tumbo la mkono wa shati. Kwamba soda na juisi za sukari, kwa aliyepitishiwa njia ya mkato, zinaweza kumletea mapigo ya moyo, jasho na kuharisha. Kwamba pombe humpanda haraka, na hatari ya kuitegemea huongezeka kuanzia mwaka wa pili. Kwamba maumivu makali ya tumbo hata miaka mitatu baadaye ni ya kukimbilia hospitali, kwani utumbo unaweza kujinasa ndani. Na kwa wadogo zake shangazi: uzazi huweza kurudi ghafla uzito ukishuka, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, na mimba inashauriwa isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Halafu kuna yale ya kwetu, ambayo Houston haiwezi kutufundisha. Kwenye harusi utakula matonge mawili ya wali na mwenye shughuli atanuna. Ukipungua kilo thelathini, mtaa hautakupongeza; utanong'ona kwamba una "ngoma". Anayekwenda kukatwa India au Uturuki anarudi na kovu bila daktari wa kumfuatilia, na mara nyingine bila hata karatasi inayoeleza alifanyiwa aina gani.

Nilipomaliza wiki yangu nikaenda kwa shangazi. Nikamwamkia, nikamsomea daftari, akasikiliza akimenya viazi. Kisha nikamuuliza dawa anazotumia. Akataja za sukari, za presha, na "hizi za magoti". Akafungua mkoba: diklofenaki, karibu kila siku, anainunua duka la dawa la jirani. Nilinyamaza kidogo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huweza kuchimba kidonda pale tumbo linapounganishwa na utumbo baada ya njia ya mkato, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Wagonjwa huambiwa waziepuke kabisa. Vipindi kumi na viwili, na sikusikia hata mara moja mtu akiulizwa anameza nini kwa ajili ya magoti yake. Na karibu wote magoti yalikuwa yanawauma.

Shangazi ana miadi ya kumwona daktari wa upasuaji wiki ijayo. Tumeandika maswali kwenye karatasi, na kama yanakufaa na wewe, yachukue:

Ni aina gani unanishauri, na kwa nini si ile nyingine?
Umeifanya mara ngapi, na wangapi walipata matatizo?
Dawa zangu zote ni hizi hapa. Ipi itaachwa, ipi itapunguzwa, ipi nisiiguse tena?
Vitamini na vipimo vya damu vya kila mwaka vitanigharimu kiasi gani?
Nikiumwa tumbo usiku wa manane, nampigia nani?
Nisipokatwa, dawa na lishe vinaweza kunifikisha wapi?

Hilo la mwisho ameliongeza mwenyewe. Bado anatazama kipindi, na jana kanitumia ujumbe kuhusu mgonjwa mpya: "Huyu naye hawajamuuliza dawa zake."