Husuni Kubwa: Jina Lasema Ngome, Kuta Zasema Kasri

Wanafunzi wetu wengi hukutana na Kilwa Kisiwani katika mada ya historia ya Kiswahili. Wakifika kwenye Husuni Kubwa, huandika kwamba ilikuwa ngome ya sultani. Kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa husuni ni neno lililotokana na Kiarabu, na maana yake ni ngome. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba maana hiyo ni ya kamusi tu, na kwamba jengo lenyewe linaipinga.

Husuni Kubwa ilijengwa mapema katika karne ya 14 na huhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Iko juu ya mwamba ukingoni mwa bahari, nje kidogo ya mji wa kale. Ilijengwa kwa mali ya pwani hiyo hiyo, yaani mawe ya matumbawe na chokaa.

Tuitazame ramani yake. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo wataalamu huvihusisha na biashara na uhifadhi wa bidhaa. Upande wa kaskazini kuna makazi, ua wa baraza wenye ngazi, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Vyumba vyote vinazidi 100. Kweli, bwawa peke yake si ushahidi, maana hata ngome yaweza kuwa na bwawa. Kinachotushawishi ni mpangilio mzima: nafasi kubwa imetolewa kwa kupokea wageni, kuweka mali na kustarehe, wala si kwa ulinzi.

Tukitaka ngome hasa, ipo kisiwani humo humo. Wareno walijenga yao mwaka 1505, na baadaye Waomani wakajenga nyingine mahali hapo. Leo inaitwa Gereza, neno ambalo wanaisimu wengi hulinasibisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Neno la kanisa likawa la ngome, kisha likawa la kifungo! Hapa tunaona wazi kwamba jina la jengo lina safari yake, na safari hiyo si lazima iwe ya kuta.

Ikumbukwe pia kuwa jirani yake, Husuni Ndogo, ina ukuta mnene wenye minara, na umbo lake linalikaribia zaidi jina hilo. Lakini matumizi yake bado yanajadiliwa.

Kwa nini tujali? Kwa sababu mwanafunzi aliye mbali na bahari hulijenga jengo kichwani kwa neno tunalompa. Tukimpa ngome, ataiona Kilwa iliyojifungia kwa hofu. Tukimpa kasri, ataiona Kilwa iliyopokea dhahabu ya Sofala, na ambayo sarafu ya sultani wake huyo imepatikana hadi Great Zimbabwe.

Basi walimu wenzangu, tuchore kwanza ramani ubaoni, tuwaache wanafunzi wakisie kazi ya kila chumba, ndipo tufungue kamusi. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi yetu ni kuuliza vimeundwa kwa ajili gani.