Mikono ya Nani Inatetemeka?

Ukitaka kujua bingwa wa ndondi anavyogeuzwa kuwa hadithi, cheki When We Were Kings, dokumentari ya Leon Gast kuhusu pigano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Ilitoka 1996, miaka 22 baada ya pigano lenyewe, na mwaka uliofuata ikabeba Oscar. Ni filamu tamu. Nimeitazama mara nne, na raundi ya nane bado hunitoa kitini. Lakini kila nikiirudia, jicho linaenda kwa walioachwa nje ya stori.

Stori yenyewe ni hii. Ali ana miaka 32. Alivuliwa taji 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana. Aliporudi, Joe Frazier akamshinda, kisha Ken Norton akamvunja taya. Foreman ana miaka 25, na hao wawili kila mmoja amemmaliza kwa raundi mbili tu. Mobutu anaahidi dola milioni tano kwa kila bondia ili dunia nzima iangalie Zaire. Ali anashuka Kinshasa, anakimbia barabarani na watoto, na umati unaimba: Ali, boma ye! Sikio la Mswahili linasikia "boma", linawaza nyumbani na ng'ombe. Kumbe kwa Kilingala wanasema: Ali, muue.

Gast anajua kutazama. Anamwachia Ali nafasi ya kuongea, na hakuna bondia aliyewahi kuongea vile. Foreman naye anafika na mbwa mkubwa wa Kijerumani, mbwa kama wale ambao polisi wa Kibelgiji waliwatumia, na hapo mji unaamua mgeni ni nani, ingawa mabondia wote wawili ni Wamarekani weusi. Sehemu hizi ziko sawa kabisa.

Shida inaanza wakati wa kukumbuka. Gast amewaweka watu vitini, miaka ya tisini, watuelezee ilikuwaje. Wanaoshika usukani ni Norman Mailer na George Plimpton, waandishi wawili wa Marekani waliokuwa pale. Ni mafundi wa kusimulia, sikatai. Mailer anaeleza jinsi Ali alivyorudi kwenye kona baada ya raundi ya kwanza na hofu machoni, na unaiona hofu hiyo kwa sababu yeye amekuonyesha. Lakini Wakinshasa wenyewe wako wapi? Wanaimba, wanacheza, wanakimbia nyuma ya gari. Mwafrika anayepewa kiti cha kukumbuka ni Malick Bowens, mwigizaji kutoka Mali, yule aliyekuwa Farah kwenye Out of Africa iliyopigwa hapa kwetu.

Hili si jambo dogo. Mailer anasimulia kwamba kabla ya pigano Mobutu alikamata wahalifu kwa wingi na kuua baadhi yao, ndiyo wageni wasiibiwe. Anaisimulia vizuri mno, kama kiungo cha stori, na filamu inasonga mbele. Ningetaka kumsikia mama mmoja wa Kinshasa aseme usiku huo mtaani kwake nani alichukuliwa, nani akarudi.

Halafu kuna mchawi. Plimpton anaeleza kwamba mganga mmoja alitabiri mwanamke mwenye mikono inayotetemeka angemwingia Foreman na kumnyonya nguvu. Gast anahitaji picha ya huyo mwanamke. Anamweka Miriam Makeba, jukwaani, anaimba. Makeba! Mwanamke ambaye serikali ya makaburu ilimzuia kurudi kwao tangu 1960, aliyekuja Kinshasa kwa tamasha la muziki kama James Brown na B.B. King walivyokuja. James Brown anabaki kuwa James Brown. Makeba anakuwa pepo. Filamu yenye "sisi" kwenye jina imempata mmoja wa wafalme wa kweli wa bara hili, na kazi iliyompa ni kutisha watu.

Mikono hiyo ndiyo imenikaa kichwani. Mwaka filamu inatoka, mikono iliyojulikana zaidi duniani kwa kutetemeka ilikuwa ya Ali. Aligunduliwa na ugonjwa wa Parkinson 1984. Julai 1996, Atlanta, aliwasha moto wa Olimpiki huku mkono mmoja ukimtikisika mbele ya dunia nzima. Machi 1997, When We Were Kings iliposhinda Oscar, Foreman ndiye aliyemshika Ali wakipanda ngazi za jukwaa. Kwa hiyo wote waliohusika walijua. Lakini ndani ya filamu, mikono inayotetemeka ni ya uchawi wa Kiafrika.

Ugonjwa huu huwapata hata watu ambao hawajawahi kuvaa glavu. Ila angalia mbinu inayosifiwa. Ali anaegemea kamba, anafunika uso, anamwacha Foreman apige hadi achoke. Rope-a-dope, akaiita. Ilikuwa akili ya ajabu, na Foreman alianguka raundi ya nane. Lakini makonde yale hayakupotea hewani. Yalitua mikononi, mbavuni, mengine kichwani. Na kwa kuwa yalileta ushindi, Ali aliendelea kuyapokea miaka saba zaidi: Frazier kule Manila 1975, Earnie Shavers 1977. Februari 1980 alipita Dar es Salaam na Nairobi akiwa mjumbe wa Rais Carter, kutuomba tususie Olimpiki za Moscow. Nyerere alikataa kumwona, Kenya ikasusia. Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni na Larry Holmes, na kona yake ikasimamisha pigano baada ya raundi ya kumi. Mwaka mmoja baadaye alipigana tena, akashindwa na Trevor Berbick, ndipo akaacha.

Nasisitiza hili kwa sababu klipu ya zile kamba imekuwa mahubiri. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo naishi kwa kuandika. Mhariri mmoja aliyekaa na pesa zangu miezi minne alinitumia klipu hiyo, na ujumbe mfupi: vumilia, bingwa. Wasee wengi wa rika langu wameshatumiwa kitu kama hicho, na bosi, na mchungaji, na mjomba. Kupigwa kunauzwa kama mkakati. Anayeuza huwa hapigwi.

Na sisi Wakenya tuna jina la kutukumbusha. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul 1988. Akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pigano, akiwa na miaka 26. Tunaipenda Seoul. Las Vegas tunaipitia haraka, vile Gast anavyopita kwa wafungwa wa Mobutu.

Najua jibu: filamu moja haiwezi kubeba kila kitu, na watu wana haki ya usiku mmoja wa furaha. Kweli. Siombi cheti cha daktari katikati ya shangwe. Naomba viti viwili tu: kimoja cha Mkinshasa anayekumbuka, kingine cha Makeba, aliyekuwa hai, angeweza kuulizwa.

Bado nakwambia uitazame. Ikifika raundi ya tano, Foreman akiwa amefungulia mabomba yote na Ali yuko kwenye kamba, punguza sauti uhesabu yanayomfikia. Usiache hata yale yanayotua mikononi. Hiyo ndiyo mikono utakayoiona Atlanta.