Ekari ya Mlimani Hupimwaje

Mkulima anayetaka kukata ekari bila mpimaji hutembea hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi moja, yaani sentimita 91, na mraba wa hatua 70 hutoa yadi za mraba 4,900, wakati ekari rasmi ni 4,840. Kwenye tambarare njia hii inatosha kabisa. Lakini wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, ni nchi ya vilima, na mibuni na migomba mingi imepanda miteremko. Huko kipimo cha hatua hukosea, tena hukosea upande mmoja tu: anayepokea ardhi ndiye anayepunjwa, kila mara.

Hati na ramani huhesabu umbali wa mlalo, si urefu wa ngozi ya kilima. Tepu ikilazwa juu ya mteremko wa nyuzi 20 na kusoma mita 100, umbali wa mlalo ni mita 94 tu. Kwa mraba wa ekari wenye pande mbili zinazopanda mlima, mnunuzi amekosa mita za mraba zipatazo 240 alizozilipia. Akitembea badala ya kutumia tepu, hasara inazidi, kwa sababu hatua ya kupandia mlima ni fupi. Tuseme imepungua sentimita 10: hatua 70 zinampa mita 53 za mlalo badala ya 64, na karibu sehemu moja kati ya sita ya ekari imetoweka pasipo mtu kudanganya. Wapo wanaohofia tepu ya chuma kurefuka juani. Tepu ya mita 30 ikipata joto la nyuzijoto 10 zaidi hurefuka milimita tatu na nusu. Kuilaza kwenye mteremko ule kunaleta kosa la mita 1.8. Hofu iende kwenye mteremko.

Dawa yake ni ya zamani na haihitaji mashine. Wapimaji hushuka mlima kwa vipande vifupi: mmoja anabana tepu chini upande wa juu, mwenzake anaivuta ikae mlalo kwa pima maji, kisha anateremsha timazi hadi ardhini na kupigilia kigingi pale inapogusa. Mteremko ukiwa mkali, kipande kinafupishwa hadi mita tano. Kushuka ni bora kuliko kupanda, maana anayeshika mwanzo wa tepu anaukaza kwenye udongo badala ya kuuning'iniza hewani.

Mkulima ana haki ya kuuliza: jembe langu linalima ngozi yote ya kilima, na nyasi za matandazo nazitandaza humo humo, kwa nini nipimiwe kivuli chake? Kwa upande wa jasho, hoja yake ni ya kweli. Lakini mvua hupimwa kwa eneo la mlalo, na mgomba husimama wima ukigombea mwanga na jirani yake, hata kilima kikiwa kikali. Lililo zito zaidi ni mpaka. Majirani wawili wakipima kati ya vigingi vile vile, mmoja akipitia kileleni na mwingine akizunguka ubavuni, watapata urefu tofauti. Mlalo pekee ndio unaowapa namba moja.

Wengine watasema GPS imemaliza mjadala. Vifaa vizuri vya wapimaji, ndiyo. Kifaa cha mkononi, hapana: kikikosea mita tatu kwenye upande wa mita 64, kosa hilo ni sawa na kupuuza mteremko wa nyuzi 18, na majani ya migomba yanayoziba anga huongeza shaka. Hata hivyo kosa lake huenda huku na huku, leo kwa muuzaji, kesho kwa mnunuzi. La hatua halibadiliki. Ndiyo maana, kabla serikali ya kijiji haijashuhudia mauzo au kutoa hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, karatasi ya makubaliano ingepaswa kueleza jambo moja zaidi ya ukubwa: kama urefu ulipimwa kwa mlalo au kwa kufuata mteremko.